Petroli ya Boti

Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inateleza kiganjani kama kokwa la embe. Hiyo ilikuwa mara ya nne, na jua lilikuwa limeshapita utosi. Niliifuta kwa shati, nikaikwangua kwa msasa, nikaipasha kwa kiberiti cha gesi, nikairudisha. Kiki tatu, injini ikawaka. Kilomita mbili mbele ikakohoa, ikazima. Kushoto mikorosho, kulia mikorosho, na mtu hakuna.

Niliitukana pikipiki ile matusi yote niyajuayo. Ilikuwa kuukuu, ndiyo, lakini siku hiyo haikuwa na kosa. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Nilikuwa nakwenda Nyamwage kumrejea mke wangu. Zuena nilimpa talaka moja, kwa hasira, kwa ugomvi ambao mpaka leo, mwaka wa nne, naona haya kuusimulia. Akaenda kukaa eda kwa shangazi yake, Bi Mwanamina. Mimi nikabaki Maparoni na mizani yangu ya kununulia mpunga, nikijifanya sina habari. Kurejea ni neno moja tu, maadamu eda haijaisha. Ningeweza kulisema hata kwa simu. Kila jioni niliishika simu, nikaiweka. Nilitaka aanze yeye. Nyumba ilikuwa kimya mno, nikawa naacha redio iongee peke yake ili nisikie sauti ya mtu. Miezi ikaenda hivyo, mpaka Bi Mwanamina akanipigia mwenyewe.

"Ridhiwani, eda ya mwenzio inaishia. Kama una nia, wahi."

Nikasema nitakwenda, Zuena anione uso kwa uso nikilitamka. Kiburi kilikuwa bado hakijaniisha. Alfajiri boti ikanishusha bara, nilikokuwa nikiiacha pikipiki. Tanki lilikuwa kavu. Nahodha, mtu mwema, akanigawia lita tano kutoka kwenye dumu lake, nikazimimina tankini na kumshukuru sana.

Nilipofika kwenye lami nilinunua plagi mpya. Nayo ikawa nyeusi. Nikaichokonoa kabureta, nikaiharibu zaidi. Nikajiambia ringi za pistoni zimekwisha, injini inakula oili. Kipande cha mwisho niliisukuma kwa miguu mpaka Kibiti, kwa fundi Kheri, nikaanza kumweleza ugonjwa wote. Hakunisikiliza. Alifungua tanki, akanusa, akachovya kidole na kukisugua.

"Mkubwa, hii petroli ya boti. Imechanganywa oili. Boti ndivyo inavyotaka, hii haitaki. Utakwangua plagi mpaka kesho."

"Lakini nimeitia mwenyewe!" nilisema, kana kwamba huo ulikuwa utetezi.

Nilishuku kila kitu siku ile isipokuwa nilichokitia kwa mkono wangu. Kheri aliimwaga yote, akasafisha kabureta, akatia petroli safi. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nilivuka daraja la Rufiji kwa mwendo ambao pikipiki ile haikuwahi kuuona, nikijizoeza kwa sauti: Zuena, nimekurejea. Zuena, nimekurejea.

Nilifika magharibi. Bi Mwanamina alinipokea barazani, akaitazama mikono yangu myeusi.

"Umechelewa, mwanangu. Eda imekwisha leo hii, alasiri."

Zuena alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia la mlango. Nilikuwa nimeshakuwa mwanamume wa kando.

"Ulikwama wapi?"

"Plagi, Zuena. Ilikuwa ikichafuka njia nzima."

"Na miezi mitatu yote, plagi hiyohiyo?"

Nikamwambia basi tufunge ndoa upya, kesho, kwa mahari aitakayo.

"Mpaka alasiri ilikuwa haki yako," alisema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Sasa ni posa. Posa naweza kuikataa, na nimeikataa."

Nilikaa mkekani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya shangazi wa watu. Ndani nilisikia vikombe vikigongana. Kisha mkono ukatokea chini ya pazia, ukasukuma sinia.

"Karibu chai, kaka Ridhiwani."

Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kuniita kaka.