Mgonjwa ni Wako

Taya lake lilikuwa mkononi mwangu. Vidole vitatu chini ya mfupa, gumba na shahada vimebana barakoa juu ya pua na mdomo, vile vile alivyonifundisha mwenyewe. Alinukia manukato ya sherehe. Nilihisi shavu lake likijaa tabasamu, na ukumbi mzima ulikuwa unacheka pamoja naye.

Ndiyo desturi ya chama chetu cha madaktari wa usingizi. Vyama vingine hukabidhiana mkufu au nyundo. Sisi, siku ya mwisho ya mkutano wa mwaka, baada ya mihadhara na taarifa ya wiki ya upasuaji wa bure na kura za viongozi, tunaleta meza ya upasuaji jukwaani. Mwenyekiti anayeondoka anapanda, analala chali. Anayeingia anamwekea barakoa ya hewa tupu. Mzee anasema, "Mgonjwa ni wako." Mrithi anajibu, "Ni wangu." Ukumbi unahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, mzee analala usingizi wa uongo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwamsha isipokuwa mrithi wake.

Ni mzaha, lakini maneno yale tunayasema kwa dhati kila siku, kila mmoja wetu anapomwachia mwenzake mtu aliyelala. Usipojibiwa, hujamwachia mtu. Unabaki pale pale, hata kama haja imekubana.

Mzee huyu niliyemshika taya tulimwita Sauti. Wagonjwa walisinzia kwa maneno yake kabla dawa haijafika kwenye mshipa. Mimi nilianza kumchukia kabla sijaota ndevu.

Dada yangu alikuwa mwanafunzi wake. Tulitoka tumbo moja, baba mbalimbali, ndiyo maana majina yetu hayafanani. Siku ile alikuwa chumba cha pili akiandaa dawa. Chumba cha kwanza, Sauti alikuwa amemlaza mama mmoja wa operesheni ya shingo. Wajumbe wakaja mlangoni kumnong'oneza kwamba jina lake limepita, atagombea uenyekiti wa chama. Akatoka kwenda kupongezwa. Mpira wa hewa ukachomoka kwenye mashine. Kengele ya hatari alikuwa ameizima, maana ilimkera. Daktari mpasuaji ndiye aliyeona damu inageuka nyeusi, akapiga ukelele, na dada akaingia mbio. Mama yule hakuamka.

"Nilimkabidhi," Sauti aliiambia kamati ya chama. "Nilipita mlangoni kwake nikamwambia, mgonjwa ni wako. Akaitikia."

Dada alisema hakusikia neno wala hakutamka neno. Mpasuaji alisema alikuwa ameinamia kidonda. Ikabaki kauli ya bingwa na kauli ya mwanafunzi. Dada akafutwa mafunzoni. Sauti akachaguliwa mwaka ule ule, na miaka iliyofuata akawa kama amezaliwa na kile kiti.

Dada akarudi nyumbani, akawa analala ameelekea ukuta. Vitabu vyake vilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Nilikuwa bado nasoma sekondari. Nikaanza kuvichimba mwenyewe, kamusi kando, ukurasa baada ya ukurasa.

"Unatafuta nini humo?" aliniuliza siku moja, bila kugeuka.

"Yule mtu."

"Humo hayumo."

"Nitampitia humo humo, dada."

Sikukurupuka. Tabia yangu ni kukitazama kitu mara nyingi kabla ya kukipa jina. Nilipofika chuoni na Sauti akawa mwalimu wangu, kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka kugundua kwamba dada ndiye aliyekosea, nipumzike na hasira. Kwa hiyo nilimchunguza anavyokabidhi wagonjwa. Maneno aliyasema vizuri kuliko sisi wote, kama mtu anayembembeleza mtoto, lakini aliyasema akiwa ameshageuza mgongo. Hakungoja jibu, hata siku moja. Wenzangu walikimbilia kukiambia kisogo chake "ni wangu", huku mlango ukijifunga. Ndipo nilipoelewa kwamba huenda hata mbele ya kamati hakujiona mwongo. Kichwani mwake, watu wote walikuwa wameshaitikia.

Hilo halikunipoza. Lilininoa.

Nikawa mtu wake. Nilimbebea mkoba, nilimpangia maandamano ya siku ya afya, nilizunguka hospitali za mbali kufundisha kwa niaba yake, nikarudi na salamu zake zote. Aliniita kijana wangu hata mvi ziliponianza. Alipotangaza kung'atuka, yeye mwenyewe ndiye aliyenyanyua mkono kulitaja jina langu. Nilipita bila kupingwa.

Nikaenda kumwalika dada. Siku hizo alikuwa anafundisha huduma ya kwanza kwenye shule ya udereva. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anafuta midomo ya lile sanamu la mpira ambalo madereva hujifunzia kupulizia pumzi.

"Nije kwenye shughuli yao nifanye nini?"

"Ukae tu nyuma."

"Na wewe utafanya nini?"

"Sitafanya kitu."

Akaweka kitambaa chini. "Wewe ukisema hufanyi kitu, mimi huwa naficha visu."

Lakini alikuja.

"Taratibu, kijana wangu," Sauti alisema alipojilaza, na kipaza sauti kikaubeba utani wake hadi nje. "Usinilaze moja kwa moja. Mjukuu wangu ameniwekea keki."

Wakacheka. Katibu wa chama, mama mnene mwenye kicheko cha machozi, alikuwa anajipepea kwa ratiba ya mkutano. Nikaweka barakoa, nikashika taya.

"Mgonjwa ni wako," Sauti alisema, na akafumba macho papo hapo.

Sikujibu. Nilimngoja. Angefumbua japo kope moja kutafuta jibu langu, nadhani mkono wangu ungebaki pale. Nilimpa nafasi ambayo yeye hakumpa dada yangu. Hakuitumia.

Ukumbi ulikuwa umeshaanza. Kumi, tisa, nane. Hakuna aliyegundua kwamba neno moja limepungua. Nikazungusha mkanda wa barakoa kisogoni kwake ili isidondoke, nikatoa mkono wangu, nikashuka ngazi za jukwaa. Wengine walidhani ni kionjo kipya, wakazidisha kelele. Nilipofika katikati ya ukumbi sauti zilikuwa zimepungua. "Moja" ilisemwa na mtu mmoja, naye akaimeza nusu.

Dada alikuwa safu ya mwisho, mkoba wake kwenye kiti cha pembeni. Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kifua cha Sauti, kama macho ya watu wa kazi yetu yanavyokimbilia kifua kwanza.

"Anapumua," alisema.

"Naona."

Akauhamishia mkoba magotini. "Basi kaa."

Nikakaa.

Kule mbele mzee aliendelea kulala, mwaminifu kwa mzaha, akingoja neno langu. Kisha ncha za viatu vyake vilivyong'arishwa zikaanza kuchezacheza. Mkono wake ukapapasa pembeni, mahali mkono wangu ulipopaswa kuwa, ukakuta patupu. Akajiinua, barakoa ikamteremkia kidevuni.

"Kijana wangu," aliita. Alijaribu kucheka. "Umemwacha mgonjwa."

"Sikumpokea," nilisema. Mimi si mtu wa sauti kubwa, lakini ukumbi ulikuwa umenyamaza. "Kuna aliyenisikia nikijibu?"

Hakuna. Katibu aliacha kujipepea. Kwenye safu ya kwanza ya wageni, yule mpasuaji wa siku ile, sasa mzee wa mkongojo, aligeuka polepole, shingo na mabega kwa pamoja, akayapitia macho yetu mstari kwa mstari hadi akamfikia dada yangu. Hapo akakwama. Sauti aliyafuata macho ya mpasuaji, na nikamwona anamtambua.

Nikamgusa dada mkono. "Twende?"

"Bado," alisema, macho yake kule kule mezani. "Hajaamka vizuri."