Mke Aliyepona Kwenye Tovuti

Mume wangu Octavian hauzi kitu. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana hapa Magomeni yetu, hii ya upande wa Mikumi, wapo wanaodhani nimeolewa na mfanyabiashara. Hana duka, hana mzani, hana hata meza ya nyanya. Ana tovuti. Anaandika sifa za bidhaa ya mtu ambaye hajawahi kumwona, chini ya sifa anaweka kiungo, na wewe ukibofya hapo ukanunua, mwenye bidhaa anamrushia kamisheni. Ukimwita dalali ananuna siku nzima. Eti yeye ni afilieti. Lakini dalali wa ng'ombe mnadani walau humshika mnyama, akamfungua mdomo na kutazama meno. Octavian hashiki chochote.

Alianza na hoteli za Mikumi. Akaandika jinsi alivyoamka akisikia simba wakinguruma nje ya chumba chake, na chai ya asubuhi ilivyoletwa, mpaka rangi ya mashuka. Mbuga yenyewe ameipita ndani ya basi, tena siku hiyo alikuwa amesinzia. Akahamia pampu za maji, kisha viatu vya kukimbilia, yeye ambaye akitumwa vocha hapo jirani anaita bodaboda. Mimi nilikuwa nacheka tu. Cherehani yangu ya barazani ndiyo inayotulisha, na mtu akijipa cheo chumbani kwake ananipunguzia nini?

Siku moja mteja wangu Editha alikuja kuchukua gauni, akanikumbatia kwa nguvu.

"Hongera, Mama Katarina. Kumbe umepona."

Nikamuuliza nimepona nini. Akanipa simu yake nitazame. Nilikuwa mimi pale, nimevaa sare ya harusi ya mdogo wangu, nacheka meno yote nje, na juu ya kichwa changu maandishi makubwa: "Mke wangu alikuwa anajichoma sindano ya sukari kila siku, leo hachomi tena." Chini yangu kulikuwa na pakiti ya chai ya majani ya porini, na chini ya pakiti, kiungo.

Nina sukari tangu nilipomzaa Katarina. Asubuhi ile ile nilikuwa nimejichoma chumbani, nyuma ya pazia, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu sipendi kuonewa huruma. Chai hiyo sijaionja wala kuinusa. Naye hajawahi kuiona, naweza kuapa.

Nilipomkabili hakushtuka hata kidogo. Alinieleza kwa sauti ya mwalimu kwamba hiyo ni lugha ya soko, kwamba watu siku hizi hawanunui bidhaa, wananunua ushuhuda, na kwamba ukurasa ule unasomwa kuliko kurasa zake zote. Nikamwambia aufute. Akasema tusubiri mwezi uishe. Nikamtazama, mwanaume mzima, shati limepigwa pasi na mimi. Nenosiri analo yeye, basi nikabaki na mdomo wangu tu.

Jumamosi shangazi Bernadetha akanipigia kutoka Masanze, kijiji cha jirani. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, na sukari yake ni kali kuliko yangu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Akanishukuru, akasema jirani amemsaidia kuagiza ile chai, na sindano ameziweka kando tangu katikati ya wiki. Niliacha gauni la watu kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja, nikakimbilia bodaboda.

Nilimkuta amekaa chini na jagi la maji pembeni, midomo imemkauka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, akanywa maji, akainuka kwenda chooni, akarudi akanywa tena. Nikamweleza kwamba ni uongo mtupu, kwamba mimi nachoma mpaka leo, na yeye achome sasa hivi. Nikamwonyesha alama za sindano tumboni. Akasema hizo ni za zamani. Kumbe Octavian alishanitangulia. Alikuwa amempigia na kumwambia kwamba naona haya kukiri nimepona, lakini kesho yake, kwenye mkutano wa injili Mikumi, nitasimama nitoe ushuhuda. Mchungaji alishapewa jina langu.

"Hapa nyumbani unaweza kunidanganya," shangazi akasema. "Madhabahuni huwezi. Utakalosema kesho ndilo nitakalofuata."

Nilimbembeleza, nikalia, nikamkasirikia mpaka nikaona aibu, maana shangazi hagombezwi. Hakuchoma. Nikamkabidhi kwa jirani yule yule wa chai, nikamsihi asimwache peke yake na amlete Mikumi mapema, kisha nikarudi Magomeni, kwa sababu sindano yangu ilikuwa nyumbani. Niliogopa. Sijawahi kumwogopea mtu namna ile.

Mkutano ulikuwa chini ya turubai kubwa, si mbali na barabara kuu, malori yanapita na honi zake. Octavian alikuwa ameshatangulia, anawapa watu mikono kama vile mkutano ni wa baba yake. Akaninong'oneza nisiseme mengi, nieleze nilivyokuwa na nilivyo sasa, inatosha. Akaongeza kwamba nikimwaibisha mbele ya mchungaji, ndoa yetu haitakuwa ile tena. Katika ahadi zote alizowahi kunipa, hiyo ndiyo pekee iliyonifurahisha.

Nikapanda jukwaani. Shangazi alikuwa kwenye benchi la mbele, amemwegemea jirani, macho kwangu.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Nina sukari."

"Amina!"

"Ninayo mpaka leo."

"Amina!" wakaitikia tena kwa mazoea, wengine wameinua mikono. Jamani, watu hawa hata ungewaambia turubai linaungua wangeitikia.

Nikashusha sauti, nikasema polepole ili kila mtu asikie. "Leo asubuhi nimejichoma sindano, na kesho nitajichoma. Hiyo chai sijawahi kuionja. Aliyeandika kwamba nimepona ni mume wangu, na analipwa kila mmoja wenu akiamini akanunua. Kama umeacha dawa kwa sababu ya picha yangu, nenda hospitali leo."

Hapo amina ikakosekana. Mchungaji akanichukulia kipaza sauti kwa upole, kwaya ikaanzisha wimbo kabla mpiga kinanda hajawa tayari. Octavian alikuwa amesimama karibu na jukwaa, simu imemkinga uso tangu nilipoanza. Nikadhani walau ameona aibu.

Shangazi akanishika mkono nilipomfikia. "Nipeleke," akasema, basi. Hospitali walimpima, wakatazamana, wakamlaza na kumtundikia dripu. Siku iliyofuata alikuwa anaongea vizuri, na sindano amezirudia. Aliona haya kunitazama, na mimi iliniuma kuona mama mzima anabeba haya ambayo aliyestahili kuibeba ameikimbia.

Haikupita wiki Editha akarudi, safari hii hakunikumbatia. Akanionyesha simu. Ukurasa ulikuwa na picha mpya: mimi jukwaani, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi, na umati mbele yangu umeinua mikono. Maandishi yalisema: "Mke wangu akishuhudia mbele ya mamia, Mikumi." Picha haina sauti. Kiungo kilikuwa pale pale.

Sikumpigia kelele. Kumgombeza mtu ni kumhesabia kuwa ana kitu ndani cha kuguswa, na mimi sikuona kitu. Nilishona mpaka kazi ikaisha, nikalala.

Asubuhi nikatoka na kichupa changu na sindano, nikaketi barazani kando ya cherehani, wakati watu wanapita kwenda sokoni na shule. Nikapandisha blauzi kidogo, nikajichoma tumboni. Kwa miaka yote hiyo hata dada zangu hawajaniona. Wengine walitazama pembeni. Mama mmoja alisimama, akaniuliza kama si mimi niliyeponeshwa na chai. Nikamwambia aketi, nikamweleza. Kesho yake alikuja na mwenzake. Kesho yake tena walikuwa kundi, na wawili walikuwa wametoka Masanze.

Ndipo, nikiwa ndio kwanza nimedunga sindano, Octavian akatokea mlangoni, simu mkononi, amenyong'onyea. Akanisihi niingie ndani, akasema namharibia kazi, kamisheni imekatika.

"Watu wanaandika kwenye ukurasa," akasema. "Wanauliza kama mke wangu ndiye huyo anayejichoma sindano barazani Magomeni. Niwajibu nini?"

Wale kina mama wakanigeukia. Nikachomoa sindano, nikaifunika, nikashusha blauzi.

"Wajibu ndiye," nikamwambia. "Na uwaelekeze nyumba. Waje asubuhi, kabla sijanywa chai."