Baba Hataki Kuruhusiwa

Baba yangu alifundisha Kiingereza tangu sijazaliwa mpaka macho yakamchoka, na mtu wa namna hiyo hata akiumwa haumwi kwa lugha moja. Siku ya kumtoa hospitali, baada ya kuwekewa chuma pajani, nilishafungasha kila kitu: nguo, magongo, chupa ya chai. Daktari alishamruhusu na teksi ilikuwa getini, dereva anapiga honi. Mzee akang'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Nina foreboding," akasema.

"Una nini?"

"Foreboding."

Nikamwambia sina muda wa somo. Mimi si mtu wa kubembeleza. Kwetu mbembelezaji alikuwa mama, na mama hayupo tena. Lakini mwalimu akiona hujaelewa, ndiyo kwanza anaanza.

"Fore ni mbele. Hiyo bode asili yake Kiingereza cha kale. Walikuwa na neno boda, yaani mjumbe, mtu anayetumwa kupeleka habari."

"Boda, kama pikipiki?"

Muuguzi aliyekuwa akikunja shuka akacheka. Baba hakucheka. "Mjumbe katangulia," akasema. "Habari yenyewe iko nyuma, inakuja."

"Baba, hayo si ndiyo machale? Si wewe uliyekuwa unatufokea tukisema machale yanatucheza?"

"Machale ni maneno ya vijiweni," akajibu, mkali kama yuko mbele ya ubao.

Nikainua begi. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba mzee kazoea kuhudumiwa, sasa anadeka. "Haya, huyo mjumbe wako kasemaje?"

Wodini kulikuwa na baridi, lakini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Hajasema," akajibu polepole. "Ndiyo maana naogopa."

Baba yangu hajawahi kusema anaogopa. Hakusema tulipomzika mama, wala siku alipoanguka ngazini na mfupa ukaonekana. Nikatua begi, nikampigia dereva simu aende zake, kisha nikaenda kusimama mlangoni kwa daktari.

"Si nimeshamruhusu?" daktari akasema. "Vipimo vya asubuhi vilikuwa vizuri."

"Mpime tena. Yeye hatoki, na mimi sitoki."

"Analalamika nini hasa?"

Ningeweza kummwagia lile neno na ukoo wake wote. Nikasema, "Anaogopa, daktari. Na mzee huyu haogopi ovyo."

Daktari alinitazama kidogo, akaacha chai yake mezani, akanifuata. Mgonjwa akisema hivyo, aliniambia tukitembea, yeye huwa hapuuzi.

Walimkuta na damu iliyoganda mguuni, na kipande chake kilishafika kwenye mapafu. Hawakunificha: tungeondoka, angetufia njiani.

Jioni, dawa zikimwingia kwa dripu, Baba akafumbua macho. Nilijua ataniuliza kama neno nimelielewa, na kejeli ya kumjibu nilikuwa nayo ulimini.

"Bado naogopa," akasema.

Kejeli ikanikauka. "Hata mimi, Baba," nikamwambia, nikavuta kiti mpaka magoti yangu yakagusa kitanda.