Joto la Kambo Philomène

Kwa siku tatu Casimir hakujiuliza kwa nini majirani wa Germaine waliingia kwake na nguo mbichi na kutoka nazo zimekauka. Alikuwa amekuja mtaa wa Shituru kupima joto katika nyumba za zamani za kampuni ya madini, si kuchunguza nguo. Alibandika kipimajoto katika kila chumba, takwimu zikaingia kwenye tableti, na programu ikachagua nyumba za kufungiwa dari kabla ya baridi ya Julai. Ya Germaine, yenye nyuzi ishirini na nne, haikuchaguliwa.

"Mashini inasema iko na moto ya kutosha, mama," alimwambia. "Degré vingt-quatre. Hata kwa directeur hakuna."

"Ile moto haiko ya nyumba, papa Casimir. Ni ya mama."

Mama yake, Kambo Philomène, kama wajukuu walivyomwita bibi yao, aliketi kitandani, shati la jirani Camille limetandazwa mgongoni. Kwa miaka thelathini na minane alifua ovaroli za mumewe, fundi wa tanuru, na moto wa tanuru ukamwingia mikononi ukabaki. Casimir alimgusa bega, akaondoa kidole upesi, akamwekea kipimajoto, akaandika nyuzi hamsini na moja.

"Siku atakufa, watoto yangu watalala na baridi," alisema Germaine, akinyoosha kidole kwenye paa lisilo na dari. "Ni juu ya ile siku niko nalomba plafond."

Casimir aliitazama programu. Haikuwa na nafasi ya mtu wa aina hiyo. Alieleza kwa upole kwamba angeweza kupima upya kwa siku nne, na kwamba huhesabiwa kilichomo ndani tu.

"Basi muniweke inje," alisema kambo. "Na Camille mumurudishie chemise yake. Ataoa nayo siku ya samedi."

Walimketisha kando ya bomba la maji, na blanketi mbili. Siku ya kwanza wanawake walipashia chai mapajani pake. Siku ya pili maji yalipata uvuguvugu tu. Siku ya tatu jirani alileta mbabula, jiko la makaa, lakini Germaine aliomba iwekwe mbali, isije ikapandisha vipimo kupitia dirishani. Siku ya nne kambo alikuwa baridi kama ukuta, na ndani ya nyumba mlikuwa na nyuzi kumi na moja. Programu ilikubali.

Mafundi walifunga dari siku ya maziko, wafiwa wakiwa makaburini. Ilikuwa kazi nzuri. Joto lilipanda hadi nyuzi kumi na sita, na ripoti ikalitaja ongezeko hilo kuwa kubwa kuliko yote mjini.

Tangu hapo, afikapo kwenye nyumba mpya, Casimir huuliza kwanza kama kuna mzee wa namna hiyo. Mara nyingi familia huwa imekwisha kumtoa nje.