Mafua ya Chekechea

Fundi makochi alikuwa na binti mmoja tu, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Hakimu, kwa sababu kila kochi jipya lilipokamilika alipanda juu, akarukaruka, akatoa hukumu: "Hili linachoma makalio, baba." Na kweli, fundi akipapasa hukuta springi imekaa vibaya.

Mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili kabla ya huyu, basi akamlea kama mboni ya jicho. Maji yalichemshwa, wageni walinawa kabla ya kumbeba, na jirani mwenye mtoto anayekohoa aliishia mlangoni. Mpaka anatimiza miaka minne, Hakimu hakuwa amejua mafua ni kitu gani. Ndipo fundi alipokuja juu.

"Mama Hakimu, huyu si yai. Mwache akachafuke na wenzake."

Walivutana, wakanuniana, mwisho mke akasalimu amri, akamshonea sare kwa mkono wake.

Haukupita muda, Hakimu akarudi kutoka chekechea na makamasi na homa. Homa ikapita, lakini mtoto hakuwa tena yule. Kuvaa viatu tu kulimchosha. Miguu ikatoka madoa kama ya aliyepigwa, fizi zikavuja damu. Hospitali walipima damu, wakapima na uboho wa ndani ya mfupa, wakasema: saratani ya damu.

Fundi alimfuata daktari koridoni. "Daktari, ni yale mafua?"

Daktari, mama wa makamo, hakumkwepa. "Wapo watafiti wanaofikiri hivyo. Kuna watoto huzaliwa na kasoro ndogo kwenye chembe za damu, na wengi wao hawaugui kamwe. Ila maambukizi, pengine ya virusi, huenda yakaichokoza ile kasoro, hasa kwa mtoto ambaye hakukutana na vijidudu vingi alipokuwa mchanga. Lakini hiyo ni dhana, baba. Kwa mwanao hakuna anayeweza kusema ilikuwaje. Msianze kutafuta mchawi nyumbani kwenu."

Fundi aliondoka na maneno yote hayo, isipokuwa lile la mwisho. Hilo aliliacha koridoni.

Nyumbani, mkewe alikuwa anakunja nguo za kupeleka wodini. Alisema bila kuinua macho, "Wewe na chekechea yako."

Heri fundi angenyamaza. Badala yake akamjibu, "Na wewe na maji yako ya kuchemsha! Daktari kasema mtoto wa kufungiwa ndani ndiye anayeshikwa."

Daktari hakusema hivyo, na fundi alilijua hilo hata kabla hajafunga mdomo. Mke alibaki na kigauni mapajani. Tangu hapo wakawa wanazungumza habari za dawa tu.

Dawa zilimpukutisha mtoto nywele, zikampa matumaini kidogo. Kuna wakati alipata nguvu za kuuhukumu uji wa wodini mbele ya manesi, wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii dawa zikagonga mwamba.

Siku moja daktari aliwaambia kwamba watoto wenzake Hakimu wakitaka kuja kumwona, waje. Miezi yote hiyo hata wazazi waliingia kwa barakoa.

"Hata mwenye mafua?" mke akauliza.

Daktari aliinamisha kichwa. "Hata mwenye mafua, mama."

Fundi alitoka nje akaegemea ukuta.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika, alimkuta mkewe amekaa jikoni mbele ya sufuria tupu.

"Mke wangu, yale niliyokuambia... daktari hakuyasema vile."

"Najua. Kesho yake nilimwendea, nikamuuliza mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Fundi akavuta kigoda, akaketi. Mke hakumsogelea, wala hakuinuka kuondoka.