Mguu wa Palakiko

Mguu wa Palakiko ulichomwa moto huko Honolulu pamoja na bandeji chafu na mabomba ya sindano, na mtu wa kumwambia mwenyewe hakupatikana.

Habari ilimfikia kwanza dada yake, Nohea. Alikuwa chumbani kwake pale kliniki ya bondeni, viganja vimejaa mafuta ya mbegu za kukui, anamkanda mama mmoja mgongo, Daktari Miyashiro alipochungulia na kumwita kwa ishara ya kichwa. Akampeleka ofisini, akafunga mlango. Daktari yule hakuwa na desturi ya kufunga milango.

"Shangazi, ule mguu wameutupa," akasema. "Zamu ilibadilika kule hospitalini, na aliyeingia hakujua kwamba unangojwa. Umekwenda kwenye tanuri la taka. Nimewapigia simu mpaka nimelia."

"Umekwenda wapi?"

"Umeungua, Shangazi. Hata jivu lake limechanganyika na mengine."

Nohea akakaa. Akajifuta mafuta mikononi, taratibu, kidole baada ya kidole.

Kwao, kisiwani Molokai, mifupa ya mtu ndiyo mtu mwenyewe. Nyama itaoza, lakini mfupa unalala na mifupa ya wazazi, na anayezikwa nusu ana mashaka hata huko aendako. Ndiyo maana Palakiko, kisukari kilipomla mguu mpaka ukanuka, aliwafukuza wauguzi kwa fimbo. "Niende kwa mama nikirukaruka kama panzi?" aliuliza. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Aliyemlainisha ni Nohea. Kliniki ilikuwa imepatana na watu wa bonde wafanye kazi bega kwa bega: daktari na mkandaji chini ya paa moja, wakulima wa magimbi walete poi, uji wa magimbi, kwa wagonjwa, na familia zenye ugomvi zikae mkekani ziseme yote mpaka fundo lifunguke, maana maradhi mengi yana mzizi kwenye kinyongo. Vikao hivyo aliviongoza Nohea, na sharti lake lilikuwa moja, kwamba mkekani hapasemwi uongo. Basi alimshika kaka yake mkono akamwambia, "Kubali wakate, kaka. Mguu nitauleta mwenyewe, tuulaze kwa mama."

Palakiko alimtazama sana. "Neno hilo ni la kliniki au lako?"

"Langu."

"Basi nakubali."

Na hakuwa yeye peke yake. Mzee Kalehua, jirani mwenye kidonda kama kile kile, alikuwa ameshatangaza kwamba ataona kwanza mguu wa Palakiko ukirudi, ndipo afikirie wa kwake.

"Tumwambie kweli," Daktari akasema. "Twende wote. Anitukane mimi."

"Atakutukana, kisha ataacha dawa, kisha atakufa. Na Kalehua atamfuata. Wewe unamjua kaka yangu? Yule alimnunia baba mpaka baba akaingia kaburini, kisa ndama mmoja!"

"Lakini Shangazi, wewe ndiye unayetufundisha kwamba..."

"Ninachofundisha nakijua! Nyamaza, mwanangu. Niachie."

Daktari akanyamaza, na hapo akawa mshirika. Mganga hajigangi, walisema wa kale, na siku hiyo Nohea alikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kutibu, nafsi yake, akamwacha.

Alfajiri alishuka kwenye shamba la magimbi la kaka yake. Ukuta wa mawe unaozuia maji pale Palakiko aliupanga kwa mikono yake, zamani, na baba yao. Nohea akapapasa pembeni, penye mfereji, akapata jiwe refu jembamba, urefu wa goti hadi kifundo. Alijiambia, jiwe hili limenywa jasho la kaka yangu, si kitu kigeni kwake. Weee, akili ikitaka kudanganya haikosi maneno! Akalichomoa, akalizungushia blanketi la marehemu mama yao, akalifunga kwa majani mapana ya mmea wa ti, akafunga tena.

Mazishi ya mguu yalijaa watu. Palakiko alipakatishwa lile furushi kwenye kiti chake cha magurudumu, akaliinamia, akalia kwa sauti mbele ya wote, mtu ambaye hata mkewe alipokufa alijikaza. Nohea akaimba dua ya wazee, sauti ikamkatika katikati, na watu wakasema, maskini, uchungu wa ndugu. Kalehua alikuja kumshika bega. "Neno lako ni neno, Nohea," akamwambia. Yeye alitamani shimo lile limmeze.

Mwezi ulikuwa haujaandama mara ya pili mvua kubwa ziliposhuka. Nohea alikwenda kwa kaka yake mchana, kama kawaida, kumkanda kile kigutu kilichobaki. Alimkuta barazani amegeuza kiti kulielekea shamba.

"Maji yamepungua shambani," Palakiko akasema. "Mvua yote hii, na magimbi yangu yamekaa matope matupu. Nimemtuma kijana wa jirani akatazame. Anasema ukuta umetoboka pembeni pale."

"Mvua hizi, kaka." Nohea akamimina mafuta kiganjani.

"Mvua haikufanya kitu. Mvua imemalizia tu. Kuna jiwe limechomolewa, refu, jembamba. Lile baba alinipigia kofi kwa sababu nililiweka kichwa chini. Liko wapi, dada?"

Nohea akaweka chupa ya mafuta chini.

"Furushi lile lilinilemea mapajani. Mguu wangu uko wapi?"

"Uliungua," Nohea akasema, na kusema kwenyewe kulimuuma kama jino linalong'olewa. "Waliuchoma kule kule. Niliogopa utakufa, Palakiko. Naapa, niliogopa."

Palakiko akafumba macho.

"Ungeniambia, ningekutukana mpaka sauti ikauke. Ningelia. Ningekaa na njaa siku mbili, halafu ningekula, maana nina roho ya paka, unanijua. Sasa nimelililia jiwe! Mbele ya watu, nimekumbatia jiwe na kuliaga, na wewe unaniimbia!"

"Nisamehe, kaka."

Akasogea kukishika kigutu. Palakiko akakirudisha nyuma.

"Mikono hiyo, hapana."

Huko chini maji yalisikika yakitoka kwenye lile pengo.

"Kalehua amepanda ndege leo asubuhi," Palakiko akasema. "Unajua?"

"Najua."

"Wanamkata kesho. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Nilimwambia, usiogope, dada yangu aliurudisha wangu. Sasa huo wake nani anaulinda?"

Nohea alikuwa amemwachia Daktari kila kitu, kwa simu na ahadi zile zile zilizopotea mara ya kwanza. Hakuna kilichorekebishwa, kwa kuwa bondeni hakuna aliyeambiwa kwamba kitu kiliharibika.

"Kuna ndege ya jioni," Palakiko akasema. "Nenda ukakae mlangoni mwa chumba cha kukatia. Wakikufukuza, kaa. Urudi umeupakata, na kabla hujaufunga mwonyeshe mwenyewe."

"Halafu wewe na mimi?"

"Halafu tutatandika mkeka. Lakini hutauongoza wewe. Mwenye fundo haongozi kikao, si ndivyo unavyosema? Utakaa chini kama sisi, tukuulize."

"Na nisipoupata?"

Palakiko akageuza uso kutazama shamba lake, maji yanavyokwisha. Nohea akajifuta mafuta kwenye sketi, akateremka ngazi za baraza, akashika njia ya uwanja wa ndege bila hata kupita nyumbani kuchukua shali.