Mama-wa-Kazi

Siku walipoanza kujifunza kontena, mwalimu wa kompyuta alifuta ubao kwa kiganja, akapangusia chaki kwenye suruali, akasema kontena ni kijumba ndani ya mashine. Programu hukaa humo na kila inachohitaji, bila kuwasumbua majirani. Wanafunzi wakaandika run, amri ya kuendesha, na jina la programu, wakabonyeza. Kwenye vioo vya wengine yalitokea maneno ya salamu. Kwenye kioo cha Kimya, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu ya upole wake, alitokea mama yake, ameketi kwenye kigoda, anamenya vitunguu. Midomo yake ilikuwa ikicheza, sauti haikutoka.

"Yako ina mtu," mwalimu alisema akipita. "Hutokea. Humsikii kwa kuwa hukumfungulia mlango. Mpe jina basi, usipompa mashine itambunia lolote."

Jirani yake, aliyeitwa Miwani, alisogeza kiti. "Huyu si yule anayekuletea chakula mchana? Mwenye ndala moja nyekundu, moja bluu? Ni nani wako?"

"Ni mama," Kimya alisema. Kisha akaongeza, "wa kazi."

"Aa. Nami nikadhani..."

Uso wa Kimya ulikuwa ukiwaka. Kwa kuwa Miwani bado alikuwa akichungulia, aliandika jina hilohilo. Mashine haikutaka nafasi kati ya maneno, akaweka vistari: mama-wa-kazi. Ikakubali.

Jioni nyumbani, mlango wa chumba cha Kimya uligongwa.

"Hodi, dada," mama alisema kwa nje. "Chakula tayari."

Baba alikula akashiba, akamshukuru mama wa kazi, akamwomba aondoe magauni yake chumbani walimolala wote wawili, maana watu wangesemaje. Mama alikunja nguo, akachukua na mto, akahamia jikoni. Huko ndiko alikokula, sufuria mapajani.

"Mama," Kimya aliita kutoka mlangoni.

Mama aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Kesho yake darasani Kimya aliandika stop, angalau Miwani asimwone tena. Kwenye kioo mama aliganda hapohapo, kisu hewani.

"Kusimamisha si kufuta," mwalimu alisema. "Yumo bado. Mwamshe, vitunguu vitanyauka."

Kimya akamwamsha. Kisha akauliza, kwa sauti ya kuomba maji, kama jina linaweza kubadilishwa.

"Tena upesi. Unaandika rename, jina la zamani, halafu jipya. Swali zuri. Ngoja wote waone." Mwalimu akaunganisha mashine ya Kimya na projekta iliyoelekea ukuta.

Herufi zilitokea ukutani kubwa kama madirisha. Kimya aliandika rename, akaandika mama-wa-kazi, akaandika mama. Kilibaki kitufe kimoja tu. Viti vililia nyuma yake.

"Mbona anataka kumwita mama?" Miwani alinong'ona, na mtu akacheka puani.

Kidole cha Kimya kilikaa juu ya kitufe. Kisha kikahamia kwenye kitufe cha kufuta, na neno mama likaondoka ukutani herufi baada ya herufi.

"Nimesahau kinachofuata," alimwambia mwalimu.

"Si neno. Kujifunza ndiko huko."

Mchana hodi ilipigwa. Mama aliingia na ndala zake, akampa Kimya bakuli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo. Vidole vyake vilinuka vitunguu.

"Chakula chako, dada."

"Mna bahati nyie," Miwani alisema. "Wetu hana adabu hivyo."

Mama alitabasamu kwa kusifiwa. Hakuondoka. Alisimama kando ya meza, mikono nyuma, akisubiri, mpaka Kimya alipoelewa anachosubiri.

"Unaweza kwenda," Kimya alimwambia.

"Asante, dada," mama alisema, akaenda.